Mrejesho: zile shanga nyekundu za bibi

Ndugu zangu, niliuliza kama shanga za marehemu bibi, nyekundu nje na nyeupe ndani, ni za kioo au plastiki. Asanteni sana kwa majibu.

Niligusisha ushanga mmoja shavuni: baridi, kama kioo. Kisha nikauchungulia kwa lenzi pale dirishani. Ukingoni mwa tundu matabaka mawili yanaonekana wazi, ganda jekundu jembamba na moyo mweupe, na mistari myembamba inafuata urefu wa tundu. Basi ni kioo kilichovutwa kikawa mrija mrefu, kikakatwa vipande vidogo, si kilichozungushiwa kwenye waya. Ndivyo mafundi wa Venice, Italia, walivyozitengeneza.

Ila kilichonigusa zaidi ni jina. Mama mkubwa alipoziona tu alisema, "Hizo samesame." Mwandishi wa habari Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, mizigo yake ilikuwa na shanga za jina hilohilo, za kulipia chakula na njia. Nilitetemeka!

Wale mlioniomba bei, mnisamehe, siuzi. Uzi wake umeoza, kwa hiyo kesho mama mkubwa atanifundisha kuzitunga upya.