GDL ya Uingereza kuifanya LLB kamili: nijazie moduli chuoni, nisome London kwa masafa, au nianze upya Huria?

mgosi_wa_ughaibuni
Wakuu habari za majukumu. Nina GDL (Graduate Diploma in Law) niliyosoma hapa Uingereza na sasa nataka niifanye LLB kamili, yaani shahada ya kwanza ya sheria. Njia nilizoziona ni tatu na hela niliyonayo inatosha moja tu. Ya kwanza, chuo nilichosoma GDL wanakubali nirudi nijazie moduli kadhaa na kuandika tasnifu halafu wananipa LLB. Ya pili ni University of London, ile LLB ya masafa ya watu wenye digrii tayari, moduli 9 badala ya 12. Ya tatu nirudi zangu nyumbani nisome Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kuanzia mwaka wa kwanza kama watoto wengine. Chuo wanataka kianzio kabla mwezi haujaisha. Ipi bora? Nimetafuta uzi wa hivi sijauona, msinishambulie.

Mama Kimara
Mdogo wangu kama una diploma ya sheria mbona rahisi, wenzio wanatoka chuo cha mahakama Lushoto na diploma zao wakiwa na GPA nzuri wanaingia LLB chuo chochote, hakuna cha kujazia wala nini. Peleka cheti.

karani_mstaafu
Mama Kimara hapana, hiyo siyo diploma ya Lushoto. Lushoto unaingia na cheti au form six. GDL unaingia ukiwa na digrii ya kitu kingine, historia, uhasibu, ufugaji wa nyuki, halafu unabanwa mwaka mmoja masomo saba: mikataba, madhara (tort), jinai, ardhi, ekwiti na amana (equity and trusts), katiba na utawala, na sheria za Umoja wa Ulaya. Waingereza wameitengeneza ili mtu asirudie miaka mitatu. Shida ni hilo jina diploma, ukilifikisha dirishani huku kwetu karani anakuweka chini ya mwenye digrii wakati kule inasomwa ngazi ya mwaka wa mwisho wa digrii.

Mama Kimara
Sawa nimeelewa, lakini hata Lushoto msiidharau, mahakimu wangapi wamepita pale.

karani_mstaafu
Nani kaidharau jamani.

wakili_msomi_wa_bure
Mleta mada umeuliza kama mtu anayeuliza nauli bila kusema anakwenda wapi. Digrii ya kwanza ya nini na ya wapi? GDL mwaka gani? Unataka kufanya kazi nchi gani? Una viza gani? Hapo ndipo majibu yalipo, mengine porojo.

mgosi_wa_ughaibuni
Digrii ya kwanza uchumi, hapa hapa Uingereza. GDL nimemaliza kitambo kidogo. Viza siyo tatizo nina makazi. Kazi nataka kufanya nyumbani.

wakili_msomi_wa_bure
Kitambo ndiyo mwaka gani? Na nyumbani wapi?

Reading Massive
😂😂 Huyu jamaa anahojiwa kama shahidi namba moja wa Jamhuri

mgosi_wa_ughaibuni
2016. Nyumbani, mimi Mtanga, mke wangu ni wa Nakuru na kwao kuna ofisi ya mawakili ya baba mkwe. Kwa hiyo ni Tanzania au Kenya, hatujaamua. Nilidhani haina uhusiano na swali.

wakili_msomi_wa_bure
Haina uhusiano!! Ndiyo swali lenyewe hilo.

Njeri wa Parklands
Shemeji karibu Kenya lakini wacha nikwambie ukweli mapema. Hapa Council of Legal Education, wale wasimamizi wa elimu ya sheria, hawaangalii tu kama cheti kimeandikwa LLB, wanaangalia umesoma nini ndani. Kuna masomo 16 ya lazima kwa sheria. Hayo yako saba ya GDL ondoa lile la Umoja wa Ulaya, hapa halina kazi, unabaki na sita, na ile ya katiba na utawala wanaweza kuihesabu mbili, kwa hivyo saba. Bado hujafanya ushahidi, falsafa ya sheria, familia na mirathi, sheria za biashara, makampuni, sheria za kimataifa, sheria za kazi, utafiti wa kisheria, mifumo ya sheria. Sasa hizo moduli chuo wanakupatia za kujazia ni ngapi na ni gani? Kama ni moduli nne pamoja na tasnifu utapata LLB safi kabisa ya kuweka ukutani, halafu ukifika hapa unaambiwa ukafanye masomo yaliyobaki kabla uguse Kenya School of Law, pale wanapofundisha uwakili. Usilipe hicho kianzio kabla ujue ziko moduli gani. Na utafute cheti chako cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya) au cha form four ya kwenu, hao huuliza mpaka alama ya Kiingereza na ya Kiswahili, watu wamepelekana kortini juu ya hiyo kitu miaka na miaka.

mgosi_wa_ughaibuni
Asante sana dada Njeri. Cheti cha form four kipo Tanga kwa mama. Moduli wamenipa orodha ya kuchagua ila naona kuna za ajabu ajabu, sheria ya michezo, sheria ya burudani…

Njeri wa Parklands
Hiyo ya burudani achana nayo kabisa.

Sheikh wa Leicester
Mimi naona mnamzungusha bure. Ndugu yangu hiyo LLB ya nini? Upo Uingereza, una digrii, una GDL. Fanya SQE, mitihani ya kufuzu usolisita, yaani uwakili wa hapa. Tangu Septemba 2021 ukitaka kuwa solisita hapa huhitaji LLB wala hiyo GDL yenyewe, ni digrii yoyote, mitihani ya SQE1 na SQE2, na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za sheria ambayo unaweza kuigawa hata kwenye sehemu nne. Ukimaliza wewe ni solisita wa England na Wales, unalipwa pauni, nyumbani unakwenda likizo.

Reading Massive
SQE1 ni maswali 360 ya kuchagua, mzee. Na ada ya mitihani yote miwili peke yake inapita pauni 4,500 kabla hujanunua kitabu. Unaisema kama unamtuma dukani.

Sheikh wa Leicester
Na LLB atapewa bure? Hapa Uingereza ukishakuwa na digrii moja serikali haikukopeshi ada ya digrii ya pili ya ngazi ile ile. Mfukoni tu. Kwa hela hiyo hiyo bora atoke na leseni.

wakili_msomi_wa_bure
Sheikh, kasema anataka kufanya kazi nyumbani. Law School of Tanzania pale Simu 2000 Dar, wanapofundisha uwakili, wanataka shahada ya sheria, na kama ni ya nje iwe imetambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Leseni ya solisita siyo shahada. Na kabla hajatokea wa kuja na hoja ya LLM (uzamili wa sheria), jibu ni hapana, shahada ya pili haizibi pengo la ya kwanza. Nimeona watu wana LLM za vyuo vikubwa wanarudishwa getini.

Sheikh wa Leicester
Haya, mie nilikuwa nampa njia ya kula.

binti_sayari
Naomba niandike kirefu maana hii mada imenigusa, nimepita humo humo. Mimi GDL nilisoma chuo kimoja, nikaja kujazia chuo kingine, jina silitaji, walikuwa wanajitangaza sana kwamba wanapokea krediti zako zote. Kweli wakazipokea, nikasoma onlaini huku nafanya kazi ya kulea wazee usiku, asubuhi natoka shifti nafungua kompyuta macho mekundu, nikamaliza na cheti kikaja kizuri LLB yenye daraja la juu la pili. Nikarudi Dar na mabegi yangu. Shida ikaanza kwenye transkripti. Masomo yote niliyosoma GDL kule kwenye chuo kipya yameandikwa neno moja tu, msamaha (exempted), hakuna alama hakuna saa hakuna jina la mwalimu, kwa hiyo karatasi inaonyesha nimesoma masomo machache ya pembeni halafu nimepewa digrii ya sheria. Mikataba haipo, jinai haipo, ardhi haipo. Ofisi niliyopeleka wakaniambia dada hii ni digrii ya nini? Nikaleta transkripti ya GDL, wakasema hii ni diploma sisi tunathibitisha digrii. Nikaomba chuo cha pili waniandikie barua kuunganisha hizo mbili, wakanijibu kwamba wanaweza kuandika kuhusu masomo waliyofundisha wao tu. Chuo cha kwanza wakaniambia mitaala ya mwaka wangu imehifadhiwa sehemu nyingine nisubiri, na kila nikiandika ananijibu mtu mpya anayeniuliza nielezee tena toka mwanzo. Huku msimu wa kujiunga unapita, wenzangu wanaingia, ndugu wanauliza sasa wewe ulisoma nini huko miaka yote. Mwisho ilipita, lakini ilipita kwa sababu dada yangu alikuwa na nakala ya kitabu cha mtaala cha GDL kwenye sanduku, kile tunachopewa siku ya kwanza na kukitupa. Kwa hiyo mleta mada usikitupe kitu. Na kama unajazia, jazia chuo kile kile ulichosomea GDL, na uwaulize kwa maandishi, transkripti ya mwisho itaonyesha masomo yote na alama zake au itaandika msamaha? Wakisita, kimbia.

mgosi_wa_ughaibuni
Dah pole sana dada. Hili la transkripti sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

karani_mstaafu
Hapo ndipo University of London inapopata pointi. Unasoma zote 9 kwao, transkripti moja, mhuri mmoja, na ni chuo ambacho kila ofisi ya Afrika Mashariki inakijua toka enzi za ukoloni. Hasara yake unarudia mikataba na jinai uliyokwisha kufaulu 2016. Ila mkuu, 2016 mpaka leo unaikumbuka hiyo mikataba kweli?

Mzee wa Lumumba
Vijana mnateseka na makaratasi. Zamani hapa Afrika Mashariki hapakuwa na pa kusomea sheria kabisa mpaka Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar mwaka 1961, pale mtaa wa Lumumba. Kabla ya hapo mtu alipanda meli anakwenda London, anajiunga na zile Inn, vyama vya mawakili vya kule, anakula chakula chao cha jioni anafanya mitihani anarudi wakili. Argwings-Kodhek wa Kenya alipita huko, Njonjo alipita huko. Na Mandela alifungua ofisi ya uwakili na Tambo Johannesburg mwaka 1952 bila LLB, akaisoma ile ya London akiwa gerezani, LLB yenyewe akaja kuipata UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989.

Reading Massive
Kwa hiyo mzee unamshauri apande meli au aende jela?

Mzee wa Lumumba
Namshauri asome alipo na mwili wake. Kama atarudi nyumbani asome nyumbani, Huria. Sheria ya ardhi ya Uingereza itamsaidia nini kesi ya kiwanja Handeni? Kule ardhi ina mwenyewe, huku ardhi ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Huyu akija na ekwiti yake atapigwa chenga na mzee wa baraza la ardhi ambaye hajavaa hata tai.

wakili_msomi_wa_bure
Mzee hapo nakuunga mkono nusu. Huria ni nafuu na anasoma akiwa kazini, masomo yanalingana na yanayotakiwa hapa. Lakini akiamua Nakuru? Anaanza tena na Njeri hapo juu. Na miaka je.

Njeri wa Parklands
LLB ya Tanzania si ngeni huku, masomo yanakaribiana kuliko hiyo ya moduli za burudani. Ni muda tu.

Mama Kimara
Na akishapata LLB asidhani kamaliza. Mwaka 2022 Law School matokeo yalitoka waliofaulu moja kwa moja 26 kati ya 633. Mpaka waziri akaunda kamati ya kuchunguza, ile ya Mwakyembe. Kijana wangu alikuwa humo, alirudi nyumbani hali hatumuulizi.

Sheikh wa Leicester
26?? Na mnamtoa mtu Uingereza aende huko.

Mama Kimara
Tatizo vyuo vinavyowaleta, siyo Law School.

karani_mstaafu
Tatizo ni Kiingereza. Mwanafunzi amekariri kanuni za mwenendo wa mashauri kwa lugha anayoiogopa.

wakili_msomi_wa_bure
Kamati ilizungumzia mengi, tusifungue huo mjadala hapa, tutafika kurasa kumi na mwenye swali ana kianzio cha kulipa.

Mama Kimara
Kaufungua karani na Kiingereza chake 😄

Reading Massive
Mie swali langu mke anasemaje? Maana hapa tunapanga masomo kumbe baba mkwe ndiye mwenye ofisi. Ofisi ya baba mkwe ni nusu ya ushindi, au ni kifungo cha maisha.

mgosi_wa_ughaibuni
Mke anasema Nakuru. Mama anasema Tanga. Nimewaandikia chuo leo kuhusu transkripti na moduli, nimeuliza kama naweza kuchukua ushahidi, kazi, makampuni na sheria za kimataifa kwa pamoja. Wamejibu kwamba ushahidi mwaka huu hawafundishi.

Njeri wa Parklands
Uliza tena kama kuna moduli inaitwa kitu kingine lakini ndani ni ushahidi. Kuna vyuo huiweka ndani ya mwenendo wa jinai. Na ukipata, utaomba mtaala wa hiyo moduli, jina peke yake halitoshi.

binti_sayari
Na uprinti. Uprinti kila kitu.

Sheikh wa Leicester
Mimi bado niko pale pale, SQE.

kijana_wa_bukoba
Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo, mimi nina LLB ya hapa Bongo, kuna anayejua LDC (Law Development Centre) ya Kampala, wanapofundisha uwakili Uganda, wanapokea Watanzania na taratibu zao za kuingia zikoje? Maana baada ya kusoma hiyo 26 kwa 633 nimeingiwa na baridi

wakili_msomi_wa_bure
Fungua uzi wako, na useme digrii ya chuo gani na mwaka gani.