Mrejesho: lile duka la mtandaoni lililonipa vocha badala ya hela

Wakuu, nimerudi. Kwa aliyesahau: niliagiza raba namba 42, nikaletewa 39, tena zote za mguu wa kushoto. Duka likagoma kurudisha 65,000 yangu, likanipa vocha ya miezi mitatu.

Vocha yenyewe sasa! Namba 42 "zimeisha". Nikichagua begi, haikubali bidhaa zenye punguzo, na kwao kila kitu kina punguzo mwaka mzima.

Nikafuata ushauri wenu: picha za raba, risiti ya muamala, meseji zote, nikawatumia na kuwaambia kesho naenda FCC, ile Tume ya Ushindani inayotetea walaji. Yule dada wa "mpendwa mteja, tuvumilie" akapiga mwenyewe. Jioni ikaingia 58,000. Eti 7,000 ni ya bodaboda. Hiyo nimewaachia. Raba bado ziko mlangoni, hakuna aliyekuja kuzichukua.