Mjadala: Kuitangaza huduma ambayo bado huna ili upime kama wateja wapo, ni ujanja wa biashara au utapeli?

TangiKimara (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina jambo, naomba tulijadili bila matusi.

Mwaka jana nilipata wazo la kuosha matangi ya maji majumbani. Aliyeishi Dar anajua: nyumba nyingi zina tangi juu ya mnara, maji ya bomba yakikatika boza linajaza, na hakuna anayechungulia ndani. Mimi nilichungulia la kwetu. Chini palikuwa na tope laini la kahawia, nilipoingia likanifika kifundo cha mguu, na kuta zote utelezi wa kijani. Nikasema hapa pana hela.

Nikachukua daftari, nikazunguka Kimara mpaka Mbezi. Nyumba 60. Swali lilikuwa hili: "Ikija huduma ya kuosha tangi kwa elfu 30, utaihitaji?" Nyumba 52 zikasema ndiyo. Kuna walioniingiza ndani nikanywa chai, na mama mmoja akaniombea dua kabisa. Nikavunja akiba, nikaongeza mkopo wa kikundi, nikaenda Kariakoo: pampu ya kunyonya tope, mashine ya presha, ngazi, mabuti. Milioni 2 na laki 3 zikaondoka.

Niliporudi kwa wale 52, waliotoa hela ni watatu. Wengine: "Baba mwenye nyumba kasafiri." "Ngoja mwezi uishe." "Nitakucheki." Yule mama wa dua nilimkuta boza linamjazia, maji safi yanamiminwa juu ya tope lilelile, akanipungia mkono kwa furaha.

Watu hawakunidanganya. Kwetu huwezi kumwambia kijana wa watu usoni kwamba wazo lake halina kazi kwako. Ile "ndiyo" yao ilikuwa ya kunipa moyo, nami nikaipeleka Kariakoo kununulia pampu.

Sasa nina wazo la pili: kuwasindikiza wazee kliniki. Mtoto yuko Mwanza au yuko kazini, mzee ana kliniki ya sukari alfajiri. Mimi namfuata nyumbani, namshika mkono, nasimama foleni, nachukua dawa, namrudisha, kisha nampigia mtoto namweleza daktari kasema nini. Safari hii siulizi mtu. Nataka kutoa tangazo lenye bei na namba, kana kwamba huduma ipo, na kila anayetaka atume kishika uchumba cha elfu 10. Gari sina, wasaidizi sina. Wakifika 20 ndani ya wiki mbili naanza, wasipofika narudisha hela zote. Mke wangu anasema huo ni utapeli wenye daftari. Nyie mnasemaje?

Msemakweli

Shemeji yetu kasema yote. Sisi ndio tuliochezwa na DECI mpaka serikali ikaifunga 2009. Tena na wao walianza na vijihela vidogo vidogo. Tuma elfu 10 kwa namba ya mtu usiyemjua? Pita hivi.

FundiMbagala

Msemakweli, taratibu mkuu. DECI ilikuwa upatu, hela ya anayekuja inamlipa aliyetangulia. Hapa mtu anasema atafanya kazi fulani kwa bei fulani.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mteja akija, dukani nina sampuli mbili tu ukutani. Vioo sina, profaili sina. Napima, napiga hesabu, anatoa nusu, naenda kununua. Fundi seremala vivyo hivyo, na mpishi wa shughuli pia, mchele wa harusi yako anaununua kwa advansi yako. Nchi hii yote inaendeshwa kwa advansi! Hakuna aliyewahi kutuita matapeli (mpaka tuchelewe, hapo mnatuita).

Na advansi ndiyo kipimo. Kuna anayekuja anashika sampuli, anasifia, anauliza bei ya nyumba nzima, anaondoka. Kuna anayeuliza dirisha moja la choo na mkono uko mfukoni. Huyo wa choo ndiye mteja.

Maalim_Unguja

Assalaam alaykum. Fundi kasema kweli, lakini karuka kitu. Katika dini yetu yapo makatazo ya kuuza usichokuwa nacho, Mtume (S.A.W.) alimwambia hivyo Hakim bin Hizam. Papo hapo, alipofika Madina akawakuta watu wanalipia tende kabla ya mavuno, hakuwakataza. Aliwawekea sharti: kipimo kijulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam, na wakulima wameitumia karne na karne.

Kwa hiyo asiyekuwa nacho leo si lazima awe mwongo. Kinachoharibu ni mlipaji kutokujua. Mteja wa Fundi anaona kwa macho yake kwamba vioo havipo. Wewe umeandika "kana kwamba huduma ipo". Ndugu yangu, hayo maneno mawili ya mwanzo ndiyo yanayokuponza.

Mwanasheria_wa_mtaa

Na hata ukiiacha dini, Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. "Nilikuwa napima soko" usije ukadhani ni utetezi.

ThikaRoad

Mimi ni Mkenya, niruhusuni nipinge pande zote mbili. Mnabishana kuhusu tangazo, na tangazo lenyewe halipimi kitu kikubwa.

Safaricom na Vodafone walipoijaribu M-Pesa kuanzia Oktoba 2005, hapa kwetu Thika na Nairobi, wateja hawakufika hata 500. Ilikuwa imetengenezwa ili watu wa mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho kwa simu. Basi. Lakini watu walipokabidhiwa simu wakaanza mambo yao: huyu anamtumia mwenzake, yule anamlipa muuzaji, mwingine anaweka pesa jioni na kuitoa asubuhi asiibiwe njiani. Ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe ukawa ni kutuma pesa nyumbani. Mikopo ilikuwa imewekwa kando.

Hebu fikiria wangeanza na tangazo: "Lipa mkopo wako kwa simu, weka jina hapa." Wangehesabu majina ya kitu ambacho hakikuwa biashara yenyewe. Kwa hivyo kaka, chukua mzee mmoja. Mmoja tu. Panda naye matatu, rudi, kisha uone mtoto wake atakuuliza nini.

DadaUsafi

ThikaRoad, nakubali nusu. Ukimsindikiza mzee mmoja wa jirani yako utashukuriwa na utapewa mayai. Bado hujajua kama kuna bei.

Mimi nafua makapeti na makochi, Tabata. Nilianza kwa kuweka kwenye status picha ya kochi la kwangu, nusu limesafishwa nusu bado, na bei. Walioniuliza 14, waliolipa wawili. Hao wawili niliwafulia kwa brashi ya mkono na mashine ya kukodi, mgongo ulikatika siku tatu, lakini nilijua kabla ya kununua chochote. Nilikosea sehemu moja tu: nilitaka kupima bei, nikaandika 25,000 kwa kundi hili na 35,000 kwa kundi lile. Kumbe shangazi na binamu yake wako makundi tofauti. Nilijieleza mpaka Krismasi.

Lakini TangiKimara, hapa nakukatalia. Kochi likikosa kufuliwa Jumanne, litafuliwa Alhamisi. Tangi lako nalo lilikaa na tope miaka. Mzee wa sukari mwenye kliniki Jumatatu hasubiri wafike 20. Mtoto wake akishatuma elfu 10 yako, anaacha kumwomba binamu, anaacha kuomba ruhusa kazini. Siku unapomrudishia hela ukisema "hatukufika idadi", umemrudishia elfu 10 na umemnyang'anya wiki mbili za kujipanga. Hilo halimo kwenye hesabu yako.

FundiMbagala

Dada hapo umepiga msumari. Dirisha likichelewa unatundika kanga.

TangiKimara

Nimewasoma wote, na mke wangu kasoma, amefurahi kupita kiasi.

Nimefuta lile tangazo kabla halijatoka. Jipya linasema hivi: "Naanza huduma ya kuwasindikiza wazee kliniki, Kimara hadi Mbezi tu. Bado sina gari, tutatumia bajaji. Nachukua wazee wanne kwa mwezi huu, naenda nao mimi mwenyewe. Elfu 25 kwa safari, elfu 10 unatanguliza, na nisipotokea nakurudishia yote. Usiache mpango wako mwingine mpaka nikupigie kuthibitisha." Hiyo sentensi ya mwisho ni ya DadaUsafi. Najua inanipunguzia wateja. Msemakweli, na wewe nimekuwekea jina langu kamili na nyumba ninayokaa.

Nililiweka jana saa mbili usiku kwenye makundi matatu. "Hongera kaka" na "wazo zuri sana" nimepata nyingi, safari hii sijaziandika popote. Waliotuma hela ni wawili. Mmoja ni wa Mbezi, nikampigia, mama yake ana kliniki Ijumaa ijayo, tumekubaliana.

Wa pili yuko Muscat, katumia namba ya kaka yake. Hajali kliniki. Anauliza kama naweza kwenda kwa mama yake kila Jumamosi, nikae naye saa moja, nihakikishe dawa anakunywa, nimpigie kwa video. Bei hakuuliza. Tatizo mama yuko Tanga.

Hela yake nimeirudisha leo asubuhi, makato nimebeba mimi. Kuna mtu mwaminifu wa Tanga humu?