Kashe ya mfumo wa umma: PONG inatosha, au tuidai zaidi?

Wakuu wa Kigoma na kwingineko, tujadili hili bila kuoneana haya. Wiki iliyopita umeme ulikatika. Uliporudi, mfumo wetu wa bei za dagaa, ambao wachuuzi wa Kibirizi huutazama alfajiri kabla ya kupanga bei, ulikaa muda mrefu ukitoa makosa tu. Docker, programu inayoendesha programu nyingine kila moja ndani ya boksi lake liitwalo kontena, ilionyesha kontena la Redis ni zima. Redis ndiyo kashe yetu: huweka bei kwenye kumbukumbu ili zisomwe haraka bila kuisumbua hifadhidata. Uzima gani huo?

Ukaguzi wetu ulikuwa amri ya redis-cli ping, ambayo Redis iliyo tayari huijibu PONG, basi. Redis ilikuwa bado inapakia data kutoka diskini, na katika hali hiyo hujibu LOADING, siyo PONG. Lakini redis-cli, usipoiwekea -e iliyokuja na toleo la 7.0, humaliza kwa msimbo wa sifuri, yaani "sawa", hata jibu likiwa kosa, na kwa Docker sifuri ni uzima. Nywila ikikosekana ni yale yale: kosa la NOAUTH, sifuri, mzima. Mimi nasema mfumo unaohudumia watu usiachwe na ukaguzi wa namna hii. Tudai neno PONG lenyewe, kwa grep, amri ya kutafuta neno.

Fundi wa Mwanga: Ndugu, hata PONG haitoshi. Redis yenye kikomo cha kumbukumbu na sera ya noeviction (usifute cha zamani kupisha kipya) ikijaa hukataa kuandika chochote kipya, huku PONG ikiendelea kutoka. Ukaguzi uandike ufunguo, yaani data ndogo ya majaribio, uusome, uufute. Ukishindwa, kontena liwashwe upya.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye kuwasha upya ndipo tunapoachana, mkuu. Docker peke yake haiwashi upya kontena gonjwa. Hulibandika jina la "gonjwa" tu likishindwa mara 3 mfululizo, ikilipima kila sekunde 30 usipobadilisha; Swarm, sehemu ya Docker ya kusimamia kontena nyingi, ndiyo hulibadilisha. Na kumbukumbu iliyojaa haiponi kwa kuwashwa: Redis itasoma dump.rdb, nakala yake ya diskini, na kujaa tena. Kama haihifadhi diskini ndiyo mbaya zaidi, kashe inaanza tupu na kila mchuuzi aliyeko mwaloni saa hiyo anaiangukia hifadhidata.

Shangazi wa Ujiji: Wanangu, hizo PONG sizielewi. Mimi siku ile nilinunua kwa kukisia, nikapata hasara. Mngenionyesha bei ya jana na kuandika kwamba ni ya jana, ningejua pa kuanzia. Kwa nini mlinipa ukurasa mtupu?

Mwanzisha mada: Shangazi, pole, na umetushika pabaya. Sote wawili tulikuwa tunabishana kuhusu kontena. Bei za mwisho nitaziweka pia kwenye faili kando ya programu, na saa yake iandikwe juu, ili kashe ikikwama zisomwe hizo. Fundi, ukaguzi wako wa kuandika ufunguo nauchukua, ila ukishindwa utume ujumbe kwangu na kwako. Kontena usiliguse.