Konrodi za EJ20 turbo: ninunue H, I, au nirudishie za kiwandani?

Boxa_Arusha:
Wakuu, habari za majukumu. Nina Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20 turbo, imefunguliwa yote na iko mezani. Metali (beringi kati ya konrodi na krenki) ya silinda ya tatu imesagika, konrodi yake (mkono unaounganisha pistoni na krenki) imepiga bluu kwenye kichwa kikubwa, upande wa krenki, na krenki imekwaruzika. Krenki nyingine nimeshapata. Kwa kuwa bloku iko wazi, nataka nimalize kazi kwa mkupuo mmoja. Lengo ni nguvu farasi 350 hivi, mwisho wa mizunguko 7,500 kwa dakika. Gari naendea kazini, wikiendi naingia nalo kwenye mashindano ya klabu.

Fundi ananiambia ninunue konrodi za H, yaani shina lake ukilikata lina umbo la herufi H. Muuza spea anasema za I ndiyo ngumu zaidi. Mtandaoni kuna seti za bei ya kutupa hazina hata jina, na kuna nyingine bei yake ni mara nne. Tofauti iko wapi hasa?

Pwani_Tupu:
Uza vyuma chakavu mkuu, nunua Vitz, ulale usingizi 😂

FundiMgongo:
Hiyo ya bluu usiirudishe hata ukibembelezwa. Chuma kikishafika rangi hiyo kimepikwa. Unaweza kukipima kikaonekana kiko sawa, kisha kikabadili umbo barabarani.

Kuhusu H na I, mabishano haya yako tangu zamani na hayaishi kwa sababu kila upande una ukweli wake. H ni rahisi kuitengeneza iwe nyepesi na bado isipinde kirahisi, ndiyo maana seti nyingi za bei ya kati ni H. I nene iliyochorwa vizuri inavumilia zaidi mgandamizo wa busti (presha ya turbo) kubwa. Lakini kwa 350 zako zote mbili zinatosha na kubaki. Uliza kwanza imetengenezwa kwa chuma gani, nani kaichonga, na bolti zake ni zipi. Chuma cha daraja la 4340 kilichofuliwa kinakutosha. 300M ni kigumu zaidi na bei yake inauma. Hiyo waachie wenye nguvu farasi 600.

Hesabu_Ndefu:
Naongezea kwa namba, maana watu wanadhani konrodi inauawa na busti peke yake.

EJ20 ina silinda ya 92 mm, mwendo wa pistoni 75 mm, konrodi 130.5 mm. Tuseme pistoni, pini, ringi na kichwa kidogo cha konrodi kwa pamoja vina gramu 600. Kwenye mizunguko 7,000, pistoni inapofika juu kabisa mwisho wa kutoa moshi, konrodi inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 1.6 hivi. Hakuna gesi ya kuikinga wakati huo, vali ziko wazi. Panda hadi 8,000, inakuwa zaidi ya tani 2. Mzigo huo unakua kwa kipeo cha pili cha mizunguko.

Upande wa busti: presha ya silinda ikifika bar 100, pistoni ya 92 mm inasukumwa chini kwa karibu tani 6.8. Hiyo ndiyo inayopinda shina la konrodi, hasa ukiweka busti nyingi kwenye mizunguko ya chini, na mafuta yakilipuka kabla ya wakati inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo busti inapinda, mizunguko inavuta. Na kinachovutwa zaidi ni bolti. Injini nyingi zinazotoboa bloku hazikuvunjika shina kwanza. Bolti ililegea au ilikatika, kifuniko kikafunguka, basi.

Boxa_Arusha:
Asante sana mkuu @Hesabu_Ndefu, hapo kwenye moshi sikuwahi kupafikiria. Je, nikibaki na konrodi tatu za kiwandani, nitafute moja ya nne, halafu zote niweke bolti imara za kampuni ya ARP? Itakuwa nafuu.

FundiMgongo:
Inawezekana, ila si nafuu kama unavyodhani. Bolti mpya inabana kwa nguvu tofauti na ile ya zamani, na tundu la kichwa kikubwa linabadilika umbo. Lazima mchongaji alisawazishe upya akiwa ameshafunga bolti hizohizo. Bado upime nyufa, upime kama zimenyooka, uzilinganishe uzito. Jumlisha gharama zote, utakuta umekaribia bei ya seti mpya ya kati, ambayo kwa kawaida inakuja na bolti za ARP 2000 na uzito uliolinganishwa.

Zile za bei ya kutupa zisizo na jina sizigusi. Siyo kwamba zote ni mbovu. Shida ni kwamba hujui ipi ni mbovu, na bolti feki zenye chapa ya watu zipo nyingi.

Dada_Turbo_NBO:
Kaka, ngoja nikuulize: pistoni unabadilisha? Maana hujazitaja popote. Nyingi za WRX kutoka kiwandani ni za kumiminwa, na sehemu kati ya ringi huvunjika kabla konrodi haijaanza hata kulalamika. Konrodi ya kifahari chini ya pistoni ya kumiminwa pamoja na mapu (mpangilio wa kompyuta ya injini) iliyokisiwa, hizo ni pesa zimekaa mahali pasipofaa. Kama bajeti inabana, mimi ningetoa kwenye konrodi nikaongeza kwenye pistoni za kufuliwa na mtu anayejua kupanga mapu kwa mafuta ya sheli yenu.

Jingine: kwenye boxa (injini ya silinda zilizolala zikitazamana, kama hii yako) pini za pistoni zinaingizwa kupitia matundu ya bloku baada ya konrodi kufungwa kwenye krenki na nusu mbili za bloku kuunganishwa. Hakikisha kipenyo cha pini kinalingana na bushi ya konrodi unayonunua. Pima mezani, siyo siku ya kufunga.

FundiMgongo:
Dada kasema kweli. Na bolti zifungwe kwa kupima jinsi zinavyorefuka, kwa karatasi ya mtengenezaji na grisi yake yeye. Spana ya torki inapima msuguano pia. Ukipaka oili badala ya ile grisi, namba ileile inakupa mbano mwingine.

Boxa_Arusha:
Nimeelewa. Naelekea kwenye H za 4340 zenye ARP 2000, pistoni za kufuliwa, na mizunguko naishusha hadi 7,200. Nafasi ya oili kati ya metali na krenki niache kiasi gani?

Hesabu_Ndefu:
Kanuni ya kuanzia ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo ya krenki. Kwa shingo ya kama inchi mbili, ni karibu 0.05 mm. Fundi apime kila shingo kwa maikromita, asikisie.

Dada_Turbo_NBO:
Kabla hujalipa chochote, toa lile bomba la kufyonzea oili ndani ya sampo. Kwenye EJ linajulikana kupata ufa pale lilipounganishwa, likaanza kuvuta hewa. Lioshe, liangalie kwa tochi, halafu weka picha hapa pamoja na zile metali nyingine tatu. Kama nazo zimeanza kukwaruzika, tatizo lako halikuanzia silinda ya tatu.