Pengo la kujifungulia kituoni kati ya maskini na wenye nacho Tanzania: data ipi, kipimo kipi?

Msomi_Afya:
Wadau, naandaa tasnifu ya uzamili juu ya usawa wa kiafya. Nataka kupima pengo la akina mama kujifungulia kituoni, maskini dhidi ya wenye uwezo, ikiwezekana wilaya kwa wilaya. Nimeisajili mada yangu DHS (mpango wa kimataifa wa tafiti za kaya kuhusu afya na idadi ya watu) na kupata mafaili ya TDHS-MIS 2022, yaani utafiti wa Tanzania wa afya, uzazi na malaria. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

Kokotoa:
Karibu mkuu. Faili lako ni la uzazi (BR) au la watoto (KR). Mahali pa kujifungulia ni safu iitwayo m15; misimbo inayoanza na 1 ni nyumbani, ila hakikisha kwenye maelezo ya faili lenyewe.

Kabla ya jedwali lolote, gawanya v005 kwa 1,000,000 upate uzito (namba inayorudisha kila mhojiwa kwenye uwiano wake halisi katika idadi ya watu), kisha itambulishe programu yako ya takwimu klasta (v021), yaani maeneo madogo yaliyochaguliwa na kaya zake kuhojiwa, na tabaka za sampuli (makundi ambamo klasta zilichaguliwa). Hapa ndipo wengi wanapoumia. Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, na ilichukuliwa kaya nyingi kuliko sehemu yake katika idadi ya watu ili ipate makadirio yake yenyewe. Ukiacha uzito, wastani wa taifa unavutwa upande wa Zanzibar. Ukiacha klasta, makosa ya sampuli yanaonekana madogo kuliko yalivyo, na pengo lisilo na uhakika linageuka "tofauti kubwa kitakwimu".

Wilaya sahau. Sampuli inawakilisha mikoa, haishuki chini ya hapo.

Mizani:
Naongeza kuhusu kipimo cha umaskini, maana hicho ndicho kinachoamua jibu lako. Safu ya v190, kielezo cha utajiri, hugawa kaya katika makundi matano kwa mali na makazi: umeme, bomba, sakafu ya saruji, mifugo. Vitu vingi kati ya hivyo ni vya mjini. Matokeo yake kundi la chini kabisa linajaa kaya za vijijini, na maskini wa Dar es Salaam anahesabiwa juu kwa sababu tu nguzo ya umeme imepita mlangoni. Utadhani unapima umaskini kumbe unapima kijiji na mji. Tumia v190a, iliyopangwa kwa mjini na vijijini kila upande peke yake, na uoneshe matokeo yote mawili.

Usiishie kutafuta tofauti ya asilimia kati ya kundi la juu na la chini, maana makundi matatu ya katikati yanapotea. Kielezo cha mkusanyiko (concentration index), namba moja inayoonesha huduma imeelemea upande wa maskini au wa wenye nacho, huyatumia yote, lakini kwa jambo la ndiyo/hapana kinabanwa na wastani. Chukua mfano: wastani ukiwa 0.8, kielezo hakiwezi kuzidi 0.2. Ukipata 0.1 usiseme pengo ni dogo. Ni nusu ya upeo wake. Kuna masahihisho mawili ya kielezo hiki yanayozingatia wastani: kwa la Wagstaff ni 0.5, kwa la Erreygers ni 0.32. Taja umetumia lipi, hasa ukilinganisha miaka.

Msomi_Afya:
Asanteni sana. Je, nikiunganisha GPS za klasta na zahanati iliyo karibu, siwezi kushuka hadi wilaya?

Kokotoa:
Hapana ndugu. Nukta hizo zimesogezwa makusudi kulinda wahojiwa: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na 1% ya za vijijini hadi 10. Zahanati "iliyo karibu" huenda siyo wanayoitumia.

Kwa wilaya kuna DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za vituo vya afya, lakini haina hali ya kipato, na kigawanyo cha asilimia zake ni makadirio ya wajawazito kutokana na Sensa ya 2022. Wilaya yenye hospitali kubwa hupokea wazazi wa jirani, asilimia inapita 100.

Mizani:
Ukiamua kuhoji akina mama wenyewe, omba mapema kibali cha maadili: NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kwa Bara, ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya) kwa Zanzibar. Vituo vya halmashauri vitadai pia barua ya ruhusa kutoka TAMISEMI, mkoa na wilaya. Wahoji na waliojifungulia nyumbani. Ukikaa kliniki tu, wale ambao pengo linawahusu hutawaona.