Polisi wetu Haiti: korti ilikataa nini hasa?

MamaKonstebo_Voi
Hamjambo wote. Kijana wangu ni konstebo. Hakuwa katika lile kundi la kwanza la polisi wa Kenya lililotua Port-au-Prince, Haiti, Juni 25, 2024 kupambana na magenge, siku ileile vijana waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi. Lakini tangu hapo simu ikilia usiku moyo wangu hunienda mbio. Naomba mnieleweshe. Bunge letu lilipitisha wapelekwe Novemba 2023, Mahakama Kuu ikakataa Januari 26, 2024, na bado wakaenda. Korti ilipuuzwa? Na mbona KDF, jeshi letu, wako Somalia tangu 2011?

AfandeMstaafu
Pole mama. Hofu hiyo mke wangu aliibeba mwaka mzima nikiwa Juba, Sudan Kusini.

Jaji Chacha Mwita, aliyetoa hukumu hiyo, hakusema Wahaiti wasisaidiwe. Alisoma Katiba. Kifungu cha 240 kinaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa, Bunge likikubali, kupeleka vikosi vya taifa nje ya nchi. Akasema vikosi hivyo ni KDF, polisi hawamo. Sisi polisi tuna mlango wetu: Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 107 na 108. Hapo Rais ndiye hutuma, ila ni kwa nchi tuliyokubaliana nayo kusaidiana. Januari hapakuwa na makubaliano hayo. Ndiyo sababu Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuja Nairobi, na Machi 1 hati ya makubaliano ikatiwa saini yeye na Rais Ruto wakishuhudia. Maskini hakuweza hata kurudi kwao, magenge yalikuwa yameukaba mji. Ndege yake ikatua Puerto Rico, na Aprili akajiuzulu.

Jambo linaloniuma ni jingine. Bereti yangu ya buluu bado imening'inia nyuma ya mlango, imepauka upande unaopigwa na jua. Juba nilitembea bila bunduki, mkononi redio na daftari, na Umoja wa Mataifa ndio uliotuongoza. Haiti haikuwa hivyo. Azimio 2699 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2023, lilitoa ruhusa tu. Mzigo wa kuongoza uliangukia Kenya, pesa zikitegemea michango ya hiari, na vijana wakaenda kupambana na watu wenye bunduki nzito. Februari 2025 tukampoteza wa kwanza.

Karani_Milimani
Afande umeeleza vizuri, lakini hati ile mimi hainitoshi. Haiti wakati huo haikuwa na mbunge wala seneta hata mmoja. Maseneta kumi wa mwisho walimaliza muda Januari 2023. Henry mwenyewe hakuchaguliwa. Sasa hapo tulikubaliana na nani? Ndiyo maana Ekuru Aukot na wenzake, walioleta ile kesi ya kwanza, walirudi kortini.

AfandeMstaafu
Hapo sikupingi, karani. Lakini bila ile kesi ya kwanza hata hiyo hati isingeandikwa. Wangepanda ndege mikono mitupu.

MamaKonstebo_Voi
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Nimempigia kijana jioni hii. Nimemwambia siku akiitwa asitie saini chochote kabla hajanisomea kwa simu, neno kwa neno.

AfandeMstaafu
Vema, mama. Na mwambie aangalie ile fomu ya warithi. Yangu nilipoifungua Juba ilikuwa bado na jina la marehemu baba.